Tazama Miguuni Kwake

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nikiwa nakunja mialiko ya harusi ya watu nisiowajua. Kidaftari hiki nimepewa na mzee Kisu. Anaitwa Kisu kwa sababu ndiye mkataji wa karatasi hapa kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, na ameishi na ile mashine yake ya kukatia kwa muda mrefu mpaka hata mkewe akipiga simu anamuulizia Kisu. Hatupi karatasi, huyu mzee. Vipande vyote vya pembeni anavikusanya, anavishona kwa uzi, anagawa vidaftari huku na huku na kushukuriwa. Mimi nauona ni ubahili mtupu. Lakini nimekipokea, na nikashukuru.

Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia bila kuchekwa. Sitaki kukunja mialiko maisha yangu yote. Nataka kuchora vitabu vya watoto. Nataka mtoto nisiyemjua alale kifudifudi sakafuni, aangalie kitu nilichokichora mimi, na asitake kuitwa kula. Haya, nimesema.

Jumamosi, 9 Machi

Tangu mwaka jana nimetuma barua pepe kumi na tisa, kwa wahariri, wachoraji wenye majina, wapiga picha, wabunifu wa majalada. Nimepata jibu moja, na lenyewe la kompyuta, likisema ofisi imefungwa kwa likizo. Likizo hiyo haijaisha mpaka leo.

Kwa hiyo nimeamua: kadi ya posta. Barua pepe mtu anaifuta bila kuiangalia. Kadi, hata akitaka kuitupa, lazima kwanza aishike, na akiishika ameshaiona. Hapo ndipo nataka nimkamate.

Jumatano, 13 Machi

Nimechora. Mwanamke amesimama kituoni kwenye mvua, ametugeuzia mgongo, hatumwoni uso. Kila kitu ni kijivu isipokuwa mwavuli wake, na mwavuli ni mwekundu hasa. Chini amesimama ndani ya dimbwi, viatu mkononi, miguu mitupu, na mawimbi madogo ya lile dimbwi, ukiyasogelea, ni maandishi: jina langu, sanduku la posta, namba ya simu. Hakuna mahali pengine nilipojitaja. Nyuma ya kadi nitaandika sentensi moja tu: "Ukitaka kunipata, tazama miguuni kwake."

Nimejipenda leo, siwezi kudanganya.

Mama ameikuta mezani alipoleta chai.

"Huyu nani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu, na mwavuli wangu?"

Nikaipokea chai. Baba alikwenda mbali kutafuta kazi nikiwa na miaka sita. Barua zake zilikuja na basi la jioni, dereva ndiye aliyezibeba, na mama alikuwa akienda kituoni kuzipokea, mvua au jua, nami nimeshika nguo yake kwa nyuma. Kisha zikapungua, kisha zikakoma, na mama akaendelea kwenda muda mrefu baada ya hapo. Siku moja hakwenda, na hatujawahi kulizungumza. Namjua kwa mgongo kuliko kwa uso, yule mama wa wakati ule.

"Unawatumia watu usiowajua?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Halafu utasubiri."

"Halafu nitasubiri."

"Haya," akasema. Mama yangu ana "haya" moja inayofunga mlango kwa ufunguo.

Jumanne, 19 Machi

Bosi ameniruhusu nitumie karatasi ngumu iliyobaki na mashine moja, baada ya kazi, mradi nisichafue. Nimechukua ule mpangilio wetu wa mialiko ya harusi ulio kwenye kompyuta, tunaoutumia kila siku, nikaweka picha yangu humo. Alama za kukatia zimo tayari, sina haja ya kuanza kupima upya. Kadi arobaini. Wekundu umetoka kama nilivyouota.

Nakala ya majaribio, ile ya kwanza, nimekuja nayo nyumbani karatasi nzima bila kukatwa, nikaibandika juu ya meza yangu.

Ijumaa, 22 Machi

Mzee Kisu alizikata jana nikiwa nimepeleka mzigo kwa mteja. Nimezikuta zimefungwa mbili mbili, uso kwa uso, katikati karatasi laini.

"Usizishikeshike usoni, binti," akasema. "Wekundu haujakauka. Unyevu huu, wino unagoma."

Basi nikaziandika nyuma hivyo hivyo, sentensi yangu na anwani za watu, moja baada ya nyingine, nikifunua pembe ya juu tu kuona kama mwavuli umechafuka. Haukuchafuka. Posta wanafunga saa kumi. Nilifika saa kumi kasoro dakika sita, natweta, na dada wa posta akazigonga mihuri zote arobaini bila kunilaumu.

Wamo wapiga picha watano, wabunifu wa majalada, wachoraji ambao kazi zao nazijua mstari kwa mstari. Lakini ukweli ni kwamba thelathini na tisa ni wasindikizaji. Ninayemtaka ni mmoja, Mhariri wa vitabu vya watoto, ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kila kitabu nilichowahi kukionea wivu. Kadi yake niliibusu upande wa nyuma. Huu ni upumbavu na ninauandika ukiwa upumbavu.

Jumamosi, 30 Machi

Hakuna.

Jumatano, 3 Aprili

Hakuna. Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Simu imelia saa tano, namba ngeni. Nilikimbia nje na simu, nikajikwaa kwenye ndoo, nikapokea kwa sauti ya mtu aliyesoma. Ni mama mmoja, anataka kujua kama fundi wa friji amekwishatoka. Nikamwambia amekosea namba. Akasema pole. Sijui pole ya nini, lakini niliihitaji.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo nimekuwa na mdomo mbaya.

Mzee Kisu alinisogelea wakati wa chai. "Wale watu wako wamejibu?"

"Bado."

"Ile picha yako," akasema, anakoroga chai asiyoitia sukari, "mimi naiona ya huzuni. Mtu mwenyewe anaelea."

Anaelea! Nimetumia siku nne kumsimamisha yule mwanamke ndani ya maji, uzito wake wote uko kwenye visigino, halafu mtu anayeshinda akikata kingo za mialiko ananiambia anaelea.

"Mzee Kisu, wewe kata karatasi. Picha niachie mimi."

Akasema, "Sawa, binti," akanywa chai yake, akarudi kwenye mashine. Wenzangu wote wakapata ghafla kitu cha kuangalia dirishani. Alikuwa ameniletea kidaftari kipya, akakiacha mezani. Nimekitia mkobani, nikamkabidhi mama kiwe cha orodha za dukani. Sikitaki.

Jumanne, 16 Aprili

Hakuna. Barabara ya mbele imejaa maji. Dada wa posta akiniona sasa anatikisa kichwa kabla sijafika kaunta, ananiokolea hatua.

Jumamosi, 20 Aprili

Nasubiri na nimeanza kusikia njaa ya kusubiri, si njaa ya jibu. Naamka nikiwa tayari nimeshasubiri. Nikipika nasubiri, nikioga nasubiri, nakunja mwaliko na ndani yangu kuna mtu amekaa kwenye ukingo wa kiti. Ningejibiwa "hapana" ningelala. Hapana ni kitu, unaweza kukishika.

Jumamosi, 27 Aprili

Mama anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Wameiona, mwanangu. Hawataki tu. Wako watu wanaona na hawataki."

"Labda haijafika."

"Zote arobaini?"

Nilikwenda chumbani, nikaibandua ile nakala, nikaigeuza ikatazama ukuta. Sasa juu ya meza yangu kuna karatasi nyeupe yenye alama nne za gundi.

Jumatatu, 6 Mei

Nimekunja.

Jumamosi, 11 Mei

Niandike taratibu.

Leo sifanyi kazi. Asubuhi mama alinituma dukani, akachana karatasi kwenye kidaftari chake chembamba, akanipa. Chumvi, sabuni ya kipande, vitunguu, kiberiti. Dukani nikasoma, nikaagiza, na wakati mwenye duka anapima vitunguu nikawa naigeuza geuza ile karatasi kwa kukosa la kufanya.

Upande wa pili palikuwa na miguu.

Miguu miwili, kuanzia vifundoni, visigino vimekaa ndani ya maji. Chini yake mawimbi madogo, na kwenye mawimbi jina langu, sanduku langu, namba yangu.

Mwenye duka aliniuliza mara mbili kama nataka vitunguu vikubwa au vidogo. Sikumbuki nilisema nini. Nimerudi na vidogo.

Nilikwenda moja kwa moja chumbani, nikaigeuza ile nakala ukutani, nikaiwekea mwaliko wa harusi juu yake. Mwaliko wetu ni mfupi kuliko kadi ya posta kwa upana wa vidole viwili. Vidole viwili, na ndivyo vilivyobeba kila kitu. Niliweka picha ndefu kwenye mpangilio mfupi, na alama za kukatia zikapita juu ya vifundo vya mama yangu. Mpaka siku nilipoigeuza nilikuwa naamka nikiitazama karatasi nzima na kuamini kwamba hiyo ndiyo niliyoituma.

Nilikwenda kiwandani na sabuni bado mkononi. Mzee Kisu alikuwa anapaka mashine mafuta, Jumamosi ndiyo kazi yake.

"Mzee, ulizikata wapi kadi zangu?"

"Penye alama."

"Ulimkata miguu!"

"Nilikata penye alama, binti. Miaka yote nakata penye alama." Akafuta mikono. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Niliona hana miguu. Lakini juzijuzi kaja mteja na picha ya mtu hana kichwa, nikauliza, nikaambiwa mzee nyamaza, hiyo ni sanaa. Na wewe nilipojaribu kukwambia kwamba anaelea, ukaniambia nikate karatasi."

Nilikaa sakafuni, pale pale kwenye mafuta. Nikafikiria watu arobaini, kila mmoja amegeuza kadi, amesoma "Ukitaka kunipata, tazama miguuni kwake," akarudi mbele kutazama. Nilicheka kwanza. Kisha hakikuwa kicheko tena.

Akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Vipande sijatupa. Unajua mimi situpi."

Jumapili, 12 Mei

Sikumwambia mama jana. Leo nimemwambia, nikitegemea atasema "haya". Nilimwekea kipande mezani, upande wa miguu juu, nikamweleza mpangilio, alama, yote.

Alikichukua, akapitisha kidole juu ya mawimbi.

"Kwa hiyo hawakukataa," akasema.

"Sijui. Labda wapo waliokataa. Lakini hata aliyetaka asingeweza kunijibu."

Akasimama, akafunika sufuria ambayo ilikuwa tayari imefunikwa, akakaa tena.

"Barua ya mwisho ya baba yako haikuwa na anwani," akasema. "Aliandika kwamba amehama pale alipokuwa, mahali papya ni pazuri, ataniandikia ni wapi. Akasahau, au hakusahau. Mimi nilimjibu. Nilimwandikia barua tatu, ziko kabatini kwangu mpaka leo. Nilikuwa na majibu, mwanangu. Sikuwa na pa kuyapeleka."

Miaka yote nimedhani mama alikwenda kituoni kungoja barua. Alikuwa anakwenda na barua mkononi, akitafuta basi linalojua njia.

"Kwa hiyo usimfanyie mtu hivyo," akasema. "Yupo mtu huko ana neno lako, amekaa nalo. Kesho uwapelekee miguu yao."

Jumatatu, 13 Mei

Mzee Kisu ameleta alivyobaki navyo kwenye droo yake, amekata nyuzi za vidaftari kwa mkono wake mwenyewe, na kila uzi anaukata huku anaguna. Vingine alikuwa ameshagawa. Dada wa posta alikuwa nacho kimoja, alikuwa akikiweka kitabuni kuonyesha alipoishia kusoma, akakitoa kabla sijamaliza kueleza. Mama alikuwa navyo vingi kuliko wote. Vya orodha zilizopita vimeshakwenda jalalani na maganda. Kati ya arobaini tumepata ishirini na sita.

Kwa mzee Kisu nimeomba radhi, mbele ya wenzangu wote, kama nilivyomtukana mbele yao. Akasema, "Ngoja nitie chai sukari leo."

Jumanne, 14 Mei

Sikubuni kitu kipya. Nilitaka, usiku wa jana kichwa kilijaa rangi, lakini asubuhi nikaona kwamba hakuna ninachoweza kuchora chenye nguvu kuliko kipande chenyewe. Kila kipande kinalingana na kila kadi, mstari kwa mstari. Bahasha ndogo, ndani kipande, na kikaratasi: "Samahani. Miguu yake hii hapa."

Mama alikaa nami mezani akitia na kufunga, mimi naandika anwani. Tulipomaliza nikakumbuka ile orodha ya Jumamosi. Nayo ilikuwa pale pale, chumvi, sabuni, vitunguu, kiberiti, nilitaka niitunze.

"Iko wapi?"

"Nimezitia zote," akasema mama. "Si ulisema kila jozi ya miguu ina mtu wake?"

Bahasha ishirini na sita, zote zimefungwa. Nikaziacha.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua inapungua. Hakuna.

Ijumaa, 24 Mei

Mpiga picha mmoja amepiga simu! Hana kazi ya kunipa, amepiga ili acheke. Amecheka dakika nzima, kisha akasema kadi amempa binti yake na binti ameshaibandikia miguu. Sikujua kama nifurahi. Nikafurahi.

Ijumaa, 31 Mei

Leo jua tangu asubuhi. Wengine wawili wamejibu, kwa upole, kwamba hawana nafasi. Nililala vizuri, kama nilivyodhani. Lakini Mhariri, kimya. Labda kadi yake aliitupa siku ile ile ya Machi, na miguu imefika kwa mtu asiye na mwili.

Namtaka bado, na sasa ni wazi zaidi kwa kuwa sina tena la kusingizia. Ana anwani yangu. Akinyamaza sasa, amenyamaza yeye.

Jumatano, 5 Juni

Dada wa posta leo hakutikisa kichwa. Alitoka nje ya kaunta na barua mkononi.

Ni ya Mhariri. Nimeisoma nje, nikaisoma njiani, na sasa nainakili hapa ili iwepo mahali pawili:

"Ningeweza kukupigia simu, lakini umenisubirisha tangu Machi, na wewe onja kidogo. Kadi yako iko ukutani mbele ya meza yangu. Ulisema nitazame miguuni kwake, nikatazama. Hakuwa na miguu. Nimewaita wenzangu wote ofisini watazame. Wapo waliosema ni fumbo, wapo waliosema ni uzembe. Mimi nilisema huyu atarudi tu, hawezi kuniachia mtu hewani. Nimebandika kipande, kinalingana. Nina hadithi ya mtoto anayemsindikiza mama yake kusubiri, nimekaa nayo muda mrefu kwa kukosa wa kuichora. Njoo Jumanne ijayo, uje na kila ulichonacho. Nijibu kama utaweza. Na nyuma ya miguu yake nimekuta mwandiko mzuri wa mtu mzima. Naomba kuuliza: kiberiti kilipatikana?"

Mama aliisoma akiwa amesimama mlangoni, miwani imeshuka puani. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Nikamwona anatafuta kitu kwa kidole, juu kabisa ya karatasi.

"Ameandika anwani," akasema.

"Ameandika, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Basi mjibu. Sasa hivi, kabla hawajafunga."

Niliandika nimesimama, mistari mitatu, kwamba nitakuja, na kwamba kiberiti kilipatikana ila vitunguu vilikuwa vidogo. Nilipoinua kichwa mama alikuwa amekwishavaa viatu, na ule mwavuli mwekundu uko mkononi, na nje jua kali.

Tulikwenda pamoja, sasa tuko kimo kimoja. Mbele ya sanduku la posta akaninyooshea mkono.

"Niachie mimi."

Nikampa. Aliisukuma barua mpaka vidole vyake vikaingia tunduni, akakaa hivyo kidogo, kama anasikiliza. Kisha akaiachia, tukaisikia ikianguka juu ya nyingine.